Nani Wako? Somo la Kusoma Fomu ya Hospitali

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne kabla ya kufungua redio: mwenzi, wakala, shahidi, sahihi.)

 

Leo tutasoma fomu ya hospitali. Karani anapokuandika huuliza jina lako, umri wako na mahali unapokaa. Mpaka hapo hakuna taabu. Kisha huja mstari mmoja mfupi: Jamaa wa karibu. Maana yake ni hii: ukizidiwa, tumwite nani? Ukishindwa kusema, nani aseme badala yako? Kwa maneno machache, karani anakuuliza: nani wako?

Watu wengi huujaza mstari huo bila kufikiri. Mwenye mume huandika mume, mwenye mama huandika mama. Lakini wako watu ambao hushika kalamu wakanyamaza kwanza. Leo nataka tuwatazame watu hao katika mji mmoja na mwaka mmoja. Mji ni New York, nchini Marekani. Mwaka ni 2020, mwaka wa Korona. Watu wenyewe ni wale waliokuwa wakiuguza wapenzi wao wenye saratani, ambayo wengine huiita kansa, nao ni wanaume wanaoishi na wanaume wenzao kama mtu na mkewe, na wanawake wanaoishi na wanawake wenzao. Pamoja nao wamo wale waliozaliwa wakaandikwa wavulana, nao wakajijua kuwa wanawake, au walioandikwa wasichana wakajijua kuwa wanaume.

Najua sasa hivi darasani kuna mtu amemtazama jirani yake. Haidhuru, mtazame, kisha urudi kwenye somo. Sheria za nchi zetu nyingi juu ya watu hawa si sawa na za New York, na watu wengi kwetu hawapendi habari zao zitajwe. Mimi nauliza jambo moja tu. Mgonjwa akitapika saa nane za usiku, nani anashika beseni? Huyo ndiye nitakayemzungumza leo.

Nitawapa mfano. Watu hawa si wa kweli. Nimewatunga ili tushike jambo moja toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini sheria, tarehe na hesabu nitakazozitaja ni za kweli.

Wako wanawake wawili wa Brooklyn, sehemu moja ya mji wa New York. Wameishi nyumba moja miaka 31. Mmoja ana miaka 63, naye ana saratani ya titi. Tutamwita Mgonjwa. Wa pili ana miaka 68, naye anafanya kazi katika duka la dawa. Tutamwita Mwenzi. Hawakufunga ndoa, ingawa sheria ya jimbo la New York iliwaruhusu tangu Julai 2011, na korti kuu ya Marekani ikaruhusu nchi nzima tarehe 26 Juni 2015. Ukiwauliza kwa nini, watakujibu kama wazee wengi: "Kwa umri huu, arusi ya nini?" Mgonjwa ana kaka mmoja, anakaa jimbo la mbali. Hawajasemezana miaka 20, tangu siku kaka alipojua Mwenzi ni nani katika nyumba ile.

Sasa tusimamishe mfano kidogo, turudi nyuma, maana msipojua yaliyotangulia hamtaona kwa nini Mwenzi aliogopa mlango wa hospitali.

Mwezi wa Novemba 1983, katika jimbo la Minnesota, mwanamke aitwaye Sharon Kowalski aligongwa na gari la mlevi. Aliumia ubongo, asiweze kutembea wala kusema vizuri. Alikuwa akiishi na mwanamke mwenzake, Karen Thompson. Walikuwa wamevishana pete, lakini mbele ya sheria pete hizo hazikuwa kitu. Mwaka 1985 korti ilimpa baba yake Sharon haki ya kumsimamia peke yake, na Karen akazuiwa asimwone. Zaidi ya miaka mitatu ilipita asiuone uso wa Sharon. Karen hakukoma. Alikwenda kortini mara baada ya mara, mpaka Desemba 1991 korti ya rufani ikampa yeye usimamizi wa Sharon. Katika miaka hiyo wanawake na wanaume wengi wa namna yao walijifunza kutoka kwa habari hiyo kuandika karatasi mapema, kabla ya ajali na kabla ya maradhi.

Lakini hata karatasi ilidharauliwa. Februari 2007, Janice Langbehn na Lisa Pond, pamoja na watoto wao watatu, walikuwa Miami wapande meli kwa matembezi. Lisa akaanguka, mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Karatasi za Janice zilikuwapo, zikaletwa hospitalini kwa faksi. Hata hivyo, yeye na watoto walikaa katika chumba cha kungojea kwa muda wa saa nane hivi, ila dakika chache padre alipoingia. Lisa akafa. Janice alishtaki, akashindwa. Lakini habari ilifika kwa Rais Obama, naye tarehe 15 Aprili 2010 akaagiza kanuni mpya itungwe. Kanuni hiyo ilianza kazi Januari 2011. Inasema kwamba hospitali ye yote inayopokea fedha za serikali za kutibu wazee na maskini, na karibu hospitali zote za huko huzipokea, lazima imwache mgonjwa mwenyewe achague nani aje kumtazama: mume, mke, mwenzi wa jinsia yake, ndugu au rafiki.

Basi hesabuni. Kutoka Januari 2011 mpaka Machi 2020 ni miaka tisa na kidogo. Kwa watu hawa mlango wa hospitali ulikuwa wazi kwa sheria muda huo tu, kisha ukaja ugonjwa uliowafungia watu wote.

Turudi Brooklyn. Tarehe 1 Machi 2020 mtu wa kwanza mwenye Korona alitambuliwa katika mji wa New York. Tarehe 11 mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ni janga la dunia nzima. Kabla mwezi haujaisha, hospitali za New York zilikuwa zimekataza wageni, isipokuwa kwa mwanamke anayejifungua, mtoto mdogo, na mtu aliye karibu kufa. Mgonjwa wetu hakuwa mmoja wa hao. Alikuwa katikati ya dawa zake.

Hapa lazima nieleze dawa za saratani. Ziko dawa ambazo hutiwa mwilini kwa mshipa, kwa kawaida kila baada ya majuma mawili au matatu. Huua chembe za saratani kwa sababu chembe hizo huzaana haraka. Lakini dawa haina macho. Huziua pia chembe nyingine za mwili zinazozaana haraka: za nywele, za mdomo na tumbo, na zile zinazotengeneza damu. Ndiyo sababu nywele hudondoka na mdomo hupata vidonda. Jambo la hatari zaidi halionekani. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua. Hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Siku hizo mgonjwa ni kama mji usio na walinzi.

Kwa hiyo wenye kuuguza wameagizwa hivi na madaktari: pimeni joto la mgonjwa. Likifika digrii 38, msingoje asubuhi, pigeni simu sasa hivi. Tena msimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kuuliza, maana homa ikifichwa daktari hataiona. Amri hii si ya Korona. Ilikuwako zamani, na leo ipo.

Sasa tazameni taabu ya mwaka 2020. Homa ilikuwa dalili ya damu kukosa askari, na homa ile ile ilikuwa dalili ya Korona. Dawa yake ilikuwa hospitalini, na Korona nayo ilikuwa imejaa hospitalini. Kumpeleka kulikuwa hatari, na kutompeleka kulikuwa hatari zaidi. Tena Mwenzi alijua kwamba akimpeleka, atamwacha mlangoni.

Na Mwenzi mwenyewe je? Yeye alifanya kazi katika duka la dawa, na maduka ya dawa hayakufungwa. Kila siku alisimama mbele ya watu wanaokohoa. Jioni alivua viatu nje ya mlango, akatia nguo zake katika mfuko, akaoga kabla hajasema neno. Walilala vyumba mbalimbali baada ya miaka 31. Walikula chumba kimoja, mmoja dirishani na mwingine mlangoni, na barakoa zikirudi usoni mara tu kijiko kinapowekwa. Saa 1 jioni watu wa mji walisimama madirishani kuwapigia makofi wauguzi na madaktari. Mwenzi alipiga makofi pamoja nao, kisha akaenda kupika uji, maana mdomo wa Mgonjwa haukuweza kitu kigumu.

Mwishowe aliona afadhali aache kazi kwa muda. Hapa tena akakutana na fomu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi ruhusa ya majuma 12, bila mshahara, amwuguze mume, mke, mzazi au mtoto. Mwenzi asiye wa ndoa hayumo katika sheria hiyo. Lakini jimbo la New York lina sheria yake, iliyoanza kazi Januari 2018, na mwenzi wa nyumbani yumo. Mwaka 2020 ilitoa majuma 10, pamoja na asilimia 60 ya mshahara wa mtu, kwa kiasi kisichopita mpaka uliowekwa. Kama wangalikaa jimbo jingine, huenda Mwenzi asingalipata hata siku moja.

Tena kuomba ruhusa ni kujitaja. Huwezi kumwambia bwana mkubwa wa kazi, "Naomba majuma 10 nimwuguze mtu," asikuulize, "Mtu gani?" Wengi wa watu hawa walikuwa hawajasema kazini wanaishi na nani. New York iliwakinga kwa sheria tangu zamani kidogo, lakini majimbo mengi hayakuwakinga, na mtu aliweza kufukuzwa kwa jibu hilo tu. Tarehe 15 Juni 2020, Korona ikiwa bado kali, korti kuu ya Marekani ilihukumu kwamba kumfukuza mtu kazini kwa sababu anampenda wa jinsia yake, au kwa sababu amevuka jinsia aliyoandikiwa, ni kuvunja sheria ya kazi ya mwaka 1964. Kwa wenye kuuguza, hukumu hiyo ilikuwa pia ruhusa ya kujaza fomu bila kudanganya.

Labda mmoja wenu atauliza: jamaa zao wako wapi? Mbona hatusikii shangazi, binamu, wajukuu? Swali zuri. Wengi wa wazee hawa hawana watoto, na wengine ndugu zao waliwakataa tangu ujana. Badala yao wana marafiki, na marafiki hao wao huwaita jamaa waliojichagulia. Sisi tunalo neno ndugu, ambalo hatulifungi kwa damu tu, kwa hiyo nadhani mmekwisha kufahamu.

Tena marafiki hawa walikuwa na mazoezi. Tangu 1981 ukimwi uliwaua watu wengi mno katika mji ule. Hesabu ya waliokufa New York imepita 100,000. Mwanzoni watu waliogopa hata kuingiza sahani ya chakula katika chumba cha mgonjwa. Mwaka 1982 wanaume wachache walianzisha shirika la kuwasaidia wagonjwa, liitwalo GMHC, nalo likawapa wagonjwa marafiki wa kujitolea: huyu anapika, huyu anafua, huyu anakaa naye usiku. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kijana wa miaka 30 wakati ule, mwaka 2020 alikuwa mzee wa karibu 70, na alipoona watu wanaogopa pumzi ya mgonjwa, alisema, "Hili nimeliona."

Lakini safari hii kulikuwa na tofauti moja mbaya. Wakati wa ukimwi rafiki aliweza kuingia, akaketi kitandani, akashika mkono wa mgonjwa. Wakati wa Korona aliyependa zaidi alikaa mbali zaidi. Marafiki wa Mgonjwa wetu walileta mchuzi, wakauweka mlangoni, wakapiga kengele na kurudi nyuma hatua sita. Waliongea naye kwa simu kwa zamu. Shirika la wazee wa namna yao, liitwalo SAGE, lililoanzishwa mjini humo mwaka 1978, nalo lilitumia watu wa kujitolea kuwapigia simu wazee waliojifungia peke yao. Mwenzi alipata mchuzi na maneno mema. Asichopata ni mtu wa kumpokea zamu, maana kila mtu aingiaye ndani angeweza kuingia na Korona. Kazi ambayo watu sita wangeigawana, ikamwangukia mtu mmoja wa miaka 68.

Sasa usiku wenyewe. Ni siku ya 10 baada ya dawa, mwezi wa Aprili. Mgonjwa anatetemeka. Mwenzi anatia kipimajoto: 38.4. Anapiga simu. Sauti inasema, "Mlete." Gari la wagonjwa linakuja, na Mwenzi hakubaliwi kupanda. Anafuata kwa gari la rafiki, amekaa kiti cha nyuma, madirisha yamefunguliwa. Anafika mlangoni pa hospitali. Mwuguzi, ambaye macho yake tu yanaonekana juu ya barakoa, anauliza: "Wewe ni nani wake?"

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Usiku ule jibu lo lote lisingemwingiza ndani. Hata mume wa ndoa ya miaka 50 alibaki nje. Mtu angeweza kusema, basi fomu ina faida gani? Faida ni hii. Mlango ukiwa umefungwa, simu ndiyo mlango. Daktari atampigia mtu mmoja tu, yule ambaye namba yake imeandikwa. Huyo ataambiwa damu imeonyesha nini. Huyo ataulizwa, kama Mgonjwa hawezi kusema, atiwe mpira wa pumzi au asitiwe. Naye asiyeandikwa hupiga simu ya hospitali, simu ikalia bila kupokewa, au akapokewa na kuambiwa, "Samahani, tunasema na jamaa tu."

Bahati yao, Mwenzi alikuwa na karatasi. Hebu tuisome, maana ndiyo somo letu.

Karatasi hii huko New York ni ya kumweka wakala wa matibabu. Wakala ni mtu anayesema badala yako. Sheria yake imekuwako jimboni humo tangu 1991. Mstari wa kwanza una jina lako wewe mgonjwa. Wa pili una jina la wakala, mahali anapokaa na namba yake ya simu. Wa tatu ni wa wakala wa akiba, kama wa kwanza hapatikani, na mwaka 2020 mstari huu ulikuwa na kazi kweli, kwa sababu wakala mwenyewe aliweza kuwa kitandani kwa Korona. Kisha iko nafasi ya kuandika unayotaka na usiyotaka. Kisha sahihi yako na tarehe. Mwisho sahihi za mashahidi wawili, wenye miaka 18 au zaidi. Wakala hawezi kuwa shahidi. Hapana haja ya mwanasheria, wala mhuri, wala ada.

Wakala hana nguvu mpaka madaktari waseme kwamba mgonjwa hawezi tena kuamua mwenyewe. Wengine huogopa kuandika wakidhani wamekwisha kutoa uhuru wao. Sivyo. Ukiwa na akili zako, neno ni lako.

Mashahidi wawili walikuwa taabu mwaka ule. Utawapata wapi, na hakuna mtu anayeingia nyumba ya mwenzake? Kwa sababu hiyo, tarehe 7 Aprili 2020 serikali ya jimbo iliruhusu kwa muda wa dharura mashahidi watazame kwa video, wamwone mtu akitia sahihi, kisha nao watie zao. Mwenzi na Mgonjwa waliifanya hivyo, juma moja kabla ya usiku ule: wao wawili jikoni, na mashahidi katika kioo cha simu iliyoegemezwa kwenye gudulia la sukari.

Kama hawangeifanya, je? Sheria ya New York ya mwaka 2010 inataja nani aseme badala ya mgonjwa asiyeandika karatasi. Mwenzi wa nyumbani yuko daraja moja na mke au mume, na kaka yuko chini. Kwa hiyo hata hivyo Mwenzi angekuwa na haki. Lakini ingempasa kwanza aonyeshe kwamba ni mwenzi kweli, kwa simu, usiku, kwa mtu asiyemjua, na labda kaka naye amepiga simu toka mbali. Katika majimbo mengine sheria haimtaji mwenzi asiye wa ndoa, na kaka angetangulia. Karatasi huumaliza ubishi kabla haujaanza.

Wale waliovuka jinsia walikuwa na shida yao tena. Mwanamume aliyezaliwa akaandikwa msichana aweza kuwa bado na mlango wa kizazi, na kwa hiyo aweza kupata saratani ya hapo. Jina la kadi yake huenda ni lile la zamani. Siku zote mwenzake ndiye aliyemweleza kila mwuguzi mpya, kwa upole, ili mgonjwa asichoke. Mwaka 2020 hakukuwa na mwenzake. Mtu mwenye homa alijieleza mwenyewe kila zamu ilipobadilika. Kwa mambo kama haya barua fupi husaidia: jina ninaloitwa ni hili, ugonjwa wangu ni huu, mnipigie nani. Mistari mitatu yatosha. Kuandika mistari mitatu ninyi nyote sasa mwaweza.

Mgonjwa wetu hakuwa na Korona. Alipewa dawa za kuua vijidudu kwa mshipa, chembe zake za damu zikapanda, akatoka siku ya tisa. Siku hizo zote simu ya Mwenzi ililia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, naye aliilaza juu ya mto alipolala. Kwa kuwa nimewatunga mwenyewe, nimeweza kumrudisha nyumbani. Wengi hawakurudi. Aliye karibu kufa aliweza kupata mgeni mmoja, na palipokuwa na ndugu wa damu na mwenzi wote wawili nje, nafasi ilikuwa ni moja.

Liko jambo moja ambalo watu wengi hawakulijua mpaka wakachelewa. Karatasi ya wakala wa matibabu hufa pamoja na mgonjwa. Pumzi ikikatika, wakala hana neno tena. Mwili uzikwe wapi na nani, hiyo ni karatasi nyingine. Sheria ya New York tangu 2006 humpa haki hiyo kwanza yule aliyeandikwa na marehemu, kisha mke au mume, kisha mwenzi wa nyumbani, ndipo watoto na wazazi na ndugu. Katika miezi ile, maiti zikingoja katika malori yenye barafu, jina katika karatasi ya pili liliamua nani ajulishwe na nani amchukue mtu wake.

Januari 2021 wazee wa New York wenye miaka 65 na zaidi waliruhusiwa kuchanjwa. Mwenzi alichanjwa, na Mgonjwa, aliye mdogo kwake, akangoja mpaka katikati ya Februari, zamu ya wenye saratani ilipofika. Walicheka sana juu ya hilo: mzima ametangulia mgonjwa. Siku hizi wageni wanaingia hospitalini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Fomu haikubadilika. Mstari wa jamaa wa karibu upo pale pale.

Sasa chukueni kalamu. Kwanza kila mtu aandike katika daftari yake jina la mtu mmoja ambaye angetaka aitwe akizidiwa, na namba ya simu ya mtu huyo kamili, bila kunakili kutoka kwa simu. Wengi mtaona hamzijui namba kwa kichwa. Zitafuteni leo usiku, mziandike.

Pili ni imla. Mwalimu wa darasa asome polepole, mara mbili, nanyi mwandike:

Mwenzi alisimama mlangoni. Mwuguzi aliuliza, "Wewe ni nani wake?" Mwenzi hakujibu kwa maneno. Alitoa karatasi mfukoni, akainyosha. Mwuguzi alisoma majina mawili na sahihi tatu. Kisha aliandika namba ya simu, akasema, "Nenda nyumbani, tutakupigia."

Waliokosa neno sahihi waliandike mara tano. Wengi hulikosea h ya katikati. Kwaherini, mpaka juma lijalo.